Mtoto wa Nani

Juba watu hawakuulizi jina kwanza. Wanakuuliza, "Ita jena ta munu?" Yaani, wewe ni mtoto wa nani. Mama wa chai anauliza, mlinzi anauliza, hata mbuzi wa soko ya Nyakuron wangeuliza kama midomo yao haingekuwa imejaa karatasi. Mimi nilikuwa na majibu gunia nzima. Baba yangu ni kiboko wa Rejaf, alitoka mtoni akaoa mama juu ya samaki yake tamu. Ama nimezaliwa na jenereta, ndio maana nikilala mtaa mzima hawalali. Watu wanacheka, swali inapotea. Shule sikusoma, nilisomea hapo.

Baba alikuwa mwanajeshi. Vita ilipofika Juba, yeye na wenzake waliingia nyumba kwa nyumba wakiuliza watu swali hiyo hiyo, mtoto wa nani. Ukijibu vibaya, unatolewa nje. Mimi nilikuwa bado mdogo, kambini Kenya na mama. Mama aliniambia haya baba akiwa ameshakufa, yeye akichagua mchele, hakuinua kichwa. Tena akaniambia baba alinipa sura yake yote, hakubakisha kitu.

Niliporudi Juba nikapata kazi ya kuchomelea vitanda vya chuma, mtaa wa Hai Mauna. Nilifanya na kijana mwenzangu ambaye baba yake aliuawa kwa hiyo vita, mbele ya mama yake. Yeye alikuwa ameniambia. Mimi nilimwambia ya kiboko. Jua yetu pale inaivisha ugali mfukoni, kwa hivyo tulikuwa na jerikeni ya maji na kikombe moja ya bati, tumeifunga na waya ndefu isitembee. Anakunywa, ananipa, namaliza.

Siku moja mama yake akaja kuona kitanda tumemtengenezea. Akakaa juu yake, akaruka kidogo kama msichana, akasema hii ni ya waziri. Nikakunywa maji, nikamjazia, nikampa kwa mikono miwili. Kikombe ikakwama karibu na mdomo. Alikuwa ananiangalia uso.

Akaniuliza ile swali. Nikaanza kiboko wangu, na mwanawe akaanza kucheka, maana mwisho anaujua.

"Mwanangu, nimekuuliza vizuri," mama akasema. "Baba yako ni nani?"

Viboko wote wa Nile walizama. Nikataja jina ya baba, mara ya kwanza hapa Juba. Kijana akaacha kucheka.

Mama akamwaga maji chini, polepole. Akamuuliza mwanawe tumekunywa hiyo kikombe tangu lini. Mwanawe akajibu, tangu mvua ya mwaka jana. Mama akashika mdomo.

Kwetu, kukiwa na damu kati ya nyumba mbili, watu hawali pamoja wala kunywa chombo moja mpaka ng'ombe za fidia zitoke na wazee wasafishe. Ukinywa, unakufa. Nikamwambia nimesikia wazee wengine wanasema damu ya vita haihesabiwi hivyo, eti risasi ni ya serikali.

"Risasi ilikuwa ya serikali," akasema. "Lakini aliyeingia kwangu alikuwa na hii sura." Halafu akaweka kikombe chini kama kitu ya moto. "Sikuchukii wewe. Huyu ndiye amebaki kwangu. Usiniulie."

Ng'ombe mimi sina. Kuku yenyewe huwa naisikia kwa jirani.

Wiki nzima kijana hakuja. Nilichomelea peke yangu, vitanda ikatoka imepinda kama mtu anaumwa tumbo. Halafu asubuhi moja akaingia na kikombe ya plastiki, ya buluu, akaitundika kwa msumari yake, mbali na ile yangu. Akashika chuma, mimi nikachoma.

Kitanda mama yake alituma watu wachukue. Sijui kama anailalia.

Juzi mteja mgeni akaniangalia, akaniuliza mtoto wa nani. Nikafungua mdomo nimtolee ile ya kiboko, lakini mwenzangu alinitangulia.

"Ni fundi," akasema. "Wewe unataka kitanda ama unataka baba yake?"

Mteja akacheka, akachagua kitanda. Jua ilikuwa kali. Mwenzangu akakunywa kwa kikombe yake ya buluu, akaitundika, akaondoka hapo kwa jerikeni. Nikasubiri afike mbali, ndio nikaenda kuchukua ya bati.