Themosi ya Uji Imerudi Tupu

Niko hapa Makutano na themosi tupu, na sijui nitaingiaje nyumbani.

Leo ilikuwa zamu yangu kumpelekea shosho, mamake mama yangu, uji wa wimbi hospitalini.
Saa saba askari amefungua geti, nikaingia wodi ya wanawake.

Kitanda chake nimekikuta kimetandikwa shuka safi.

Nikadhani amepelekwa bafuni. Nikakaa, hata nikafungua kifuniko.

Nesi akanikuta hapo. "Pole sana. Shosho ametuacha saa nne. Tumempigia mama yako, simu imezima."
Kwetu stima imepotea tangu jana, hakuna pa kuchaji simu.

Nikasema sawa. Hivyo tu, kama mtu ameambiwa ofisi imefungwa.

Mama wa kitanda cha pili akaniangalia sana.
"Pole mwanangu. Huo uji bado ni moto?"

Nikammiminia. Akanywa vikombe vitatu. Kisha akanishika mkono, akamshukuru Mungu kwa ajili ya aliyeupika.
Nikasema amina. Sijalia. Hata sasa.

Shida ni hii. Mama yangu huwa haulizi mgonjwa ameamkaje. Anachukua themosi pale mlangoni, anaitikisa. Ikiwa nzito, ananyamaza hadi kesho yake. Ikiwa tupu, anaimba akiwasha moto.

Wiki mbili sasa imekuwa ikirudi nzito.

Mlio karibu na kwetu, tafadhali msimwambie. Niambieni tu, nitasema nini kabla hajaipokea?