Besi Yenye Shingo Tupu

Duka lilikuwa la Mhindi aliyeuza redio, santuri na vipuri vya baiskeli, na magitaa aliyaning'iniza nyuma ya kaunta, juu kabisa, mahali ambapo mikono ya watu kama sisi haikufika. Hiyo ni Kisumu ya miaka ya sabini. Bendi yetu ilikuwa imepiga dansi muda mrefu kwa besi ya kuazima, mwenyewe akaja akaichukua, na sasa tulikuwa tumechanga tununue yetu. Kiongozi wetu, ambaye ndiye aliyeimba na kupiga gitaa la kwanza, alinituma mimi.

"Wewe ndio utapiga," aliniambia. "Chagua kitu unaweza."

Besi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyekundu, ya kawaida, ina vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kumwonyesha mtu pa kuweka kidole. Nyingine ilikuwa ya kahawia, na shingo yake ilikuwa laini, tupu, kutoka juu hadi chini. Nilidhani vyuma vimeng'oka, nikamwuliza mwenye duka.

"Hapana ng'oka," alisema. "Hii ya fundi. Mtu hapana jua, hapana weza."

Basi hapo akawa amenimaliza. Nilikuwa kijana wa maringo, suruali pana chini, kitana mfukoni, na sikuweza kutoka dukani nikiwa yule asiyejua. Kichwani nikajitengenezea sababu. Orutu, ile zeze yetu ya Wajaluo, ina uzi mmoja na haina chuma hata kimoja, na wazee huipiga wamefumba macho. Mimi ni Mjaluo, nitashindwaje? Kwamba sikuwahi kuishika orutu maishani mwangu, hilo sikulikumbuka. Nikanyoosha kidole kwenye ile ya kahawia bila hata kuomba kuijaribu, maana kuijaribu kungenianika pale pale.

Niliishi Nyalenda na mama yangu, chumba kimoja, pazia katikati. Baba alikuwa amefariki zamani, na mama alitulisha kwa samaki: alikwenda Asembo Bay, akanunua ngege kwa wavuvi, akarudi kuwauza sokoni Kisumu. Niliposhusha ile besi kitandani aliizunguka, akaipapasa shingo.

"Na hii nayo walimaliza kuitengeneza?" aliuliza.

Nikamjibu kwa dharau kidogo kwamba ni ya mafundi. Akasema sawa, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilifanya mazoezi wiki nzima bila amplifaya, kwa sababu hatukuwa na umeme, na besi isiyo na umeme hunong'ona tu. Nilichosikia kilinipendeza. Ili nisipotee nilichora alama za chaki ubavuni mwa shingo, pale ambapo vyuma vingekuwa, kwa kukumbuka ile besi ya kuazima. Niliona nimekuwa mjanja kuliko waliotengeneza gitaa.

Jumamosi tukaenda kupiga Asembo Bay, alasiri, kwenye harambee ya kujenga zahanati. Ukumbi ulikuwa wa mabati, jenereta inanguruma nje, watu wamejaa mpaka madirishani. Mama alikuwa pale pia. Hakuja kwa ajili yangu. Alikuwa akingojea mitumbwi ya jioni, akasikia muziki, akasimama mlangoni na beseni lake.

Wimbo wa kwanza ulipita, kwa sababu nilikuwa nazikodolea macho zile chaki kama mtu anayetafuta sindano. Wa pili, jasho likaanza kunitiririka mkononi. Kufika katikati, chaki yote ilikuwa imehamia kwenye vidole vyangu na shingo imerudi kuwa tupu. Kidole nikakiweka palipo karibu na pale panapotakiwa, na karibu, kwa besi isiyo na vyuma, ni mbali sana. Amplifaya haikunificha hata kidogo. Sauti ilitoka nene, imepinda, ukumbi mzima unaisikia. Wachezaji wakaanza kukanyagana. Kiongozi aligeuka akanitazama, na nikajua kwamba wimbo huo ukiisha hivyo, mimi pia nimekwisha.

Wakati huo huo sarafu ikalia kwenye sahani.

Kwetu dansi ina pakruok. Mtu akitaka kujisifu mbele ya watu, hutembea mpaka mbele, huweka pesa, na bendi hunyamaza palepale, hata kama ni katikati ya neno. Akimaliza majisifu yake, muziki unaendelea. Wanamuziki wengi huchukia kukatizwa. Siku hiyo niliipokea sarafu ile kama maji ya kunywa, mpaka nilipoinua macho nikaona aliyeiweka.

"Mimi nyar Seme!" mama alisema. Nyar Seme ni binti wa Seme. Kwao ni Kombewa, huko huko Seme. "Mimi ninayekunywa chai ya maziwa wakati wengine wanaazima sukari!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mimi nilitoa kipande cha chaki mfukoni, nikachora haraka haraka, nikagusa uzi taratibu kusikia kama alama zimekaa mahali pake. Tukaanza tena. Ikaenda vizuri kidogo, kisha jasho, kisha ikapinda. Sarafu ikalia.

"Mimi ambaye ngege wakisikia nyayo zangu wanaingia beseni wenyewe!"

Nikachora tena. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba macho yake yalikuwa mkononi mwangu. Mama hakujua lolote la muziki. Alichojua ni kwamba muziki ukisimama mtoto wake anapumua, na kwamba kusimamisha muziki kunauzwa. Alirudi tena. Akamsifu marehemu baba, kwamba alimwoa kwa ng'ombe wazima wenye pembe. Akasifu mlango wake wa Nyalenda, ambao mwenye nyumba huugonga kwa adabu. Ukumbi ulikuwa umempenda kabisa.

Na mimi nilikuwa naona aibu kuliko nilipokuwa nakosea. Alikuwa pekupeku, magamba ya samaki yamemganda mikononi, na harufu ya kazi yake ilimtangulia. Wasichana waliokuwa mbele, wale niliowavalia ile suruali, walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Kila alipofungua mdomo nilikaza meno, nikiomba asije akaniita mtoto wake. Hakuniita. Tukapiga mpaka mwisho namna hiyo, vipande vipande, na wenye harambee wakafurahi kwa sababu sahani ilijaa, na watu wengine nao waliambukizwa wakaja kujisifu.

"Hii besi iko na bahati," kiongozi aliniambia tukifungasha, akinipiga begani. "Tutakaa na yeye, na wewe pia."

Nilimkuta mama ufukweni. Mitumbwi ilikuwa imeshaingia, wanawake wenzake wanainama wakichagua samaki, na yeye amekalia beseni lake lililopinduliwa.

"Mama, hununui?"

"Leo ngege ni wadogo."

Hawakuwa wadogo. Mmoja alikuwa akining'inia mkononi mwa jirani yetu, mrefu toka kiganja hadi kiwiko. Nilisimama pale na gitaa mgongoni, nikashindwa hata kusema asante, maana asante ingebidi itaje kitu chenyewe.

"Mwishoni maneno yaliniishia," alisema, akiwaangalia wale wanawake na si mimi. "Nilikuwa nimebaki na wewe tu wa kujisifia. Nikafungua mdomo niseme yule mwenye besi ni wangu. Halafu nikaangalia uso wako."

Alisimama, akajikung'uta mchanga, akaweka beseni kichwani. Nilitaka kumwambia angesema tu. Lakini alikuwa ameniona vizuri, na mama hakuwa mtu wa kudanganywa. Nilimfuata nyuma mpaka barabarani, naona haya hata kumpokea lile beseni, kwa sababu lilikuwa tupu na sote wawili tulijua kwa nini.