Siku Mayai Yote Yalipoelea

Jirani yangu mmoja huuza mayai. Jina lake halisi nadhani hata yeye hulikumbuka akiulizwa hospitalini tu. Sisi tunamwita Mama Beseni, kwa sababu yai halitoki mlangoni kwake kabla halijapita kwenye beseni lake la bluu. Huliweka majini taratibu kama anayelaza mtoto. Likizama na kulala chini, ni jipya. Likisimama wima, lile upesi. Likielea, ni viza, litupe mbali na nyumba.

Sababu alinieleza mwenyewe. Ganda la yai lina vitundu visivyoonekana. Siku zikipita, unyevu unatoka humo, hewa inaingia. Yai linabaki na ukubwa uleule ila uzito umepungua. Na kitu kikiwa chepesi kuliko maji ya ukubwa wake, maji hukibeba. Kikiwa kizito, kinakwenda chini. Ndiyo maana kokoto huzama na gogo likaelea. Ukubwa peke yake si hoja. Mimi nina shemeji mnene sana anayeelea vizuri, lakini tumwache.

Mayai yenyewe huletwa na wifi yake, dada wa mumewe, anayefuga kuku nyuma ya nyumba yake. Walikuwa wameelewana miaka na miaka, jambo ambalo kwa mawifi watu huja kulitazama.

Asubuhi moja Mama Beseni akakuta beseni limeshajaa maji, safi, yametulia. Akadhani mumewe kamwonea huruma, kamchotea kabla ya kwenda kazini. Akafurahi hata akasahau kushangaa. Akatia yai, likaelea. Akatia jingine, likaelea. Trei nzima ikawa inaogelea.

Wifi akaitwa.

"Wifi, haya mayai umeyaokota wapi?"

"Kuokota? Kuku wangu wametaga jana!"

"Basi wametaga viza."

"Yaani mimi nakuletea viza?"

"Mimi sijasema. Maji ndiyo yamesema."

Majirani tulikuwa tumeshatoka nje, kila mmoja na kitu cha kuanika. Wifi akasema kama ni hivyo, undugu uishie hapo hapo. Kwenye harusi asiitwe, na akifa asizikwe na watu wa nyumba hii. Akajitwika trei zake, akaondoka. Mama Beseni alibaki kaushika mlango kama vile ndio uliotaka kuanguka. Lakini yeye akishasema, amesema.

Mchana wifi akarudi na yai moja mkononi, bado lina joto la kuku. Akalitia kwenye beseni mwenyewe. Likaelea. Watu wakaguna. Wifi akalitoa, akalipasulia kwenye kikombe: kiini kimesimama, duara, hakuna harufu.

Mama Beseni akatazama kikombe. Akatazama beseni. Akachovya kidole, akaonja.

"Maji haya yana chumvi."

Mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi na anavua viatu kizingitini, akaacha kuvua.

"Ni ya miguu," akasema. "Muuguzi aliniambia niiloweke, uvimbe upungue. Niliyaacha niyatumie tena leo. Alisema chumvi kiganja kimoja."

"Wewe ukatia?"

"Pakiti. Nilitaka kupona haraka."

Mama Beseni akageuka pembeni, akatema mate kwa adabu. Alijua yaliyotokea bila kuambiwa: chumvi ikiyeyuka majini, maji huwa mazito, na maji mazito hayachagui, hubeba hata yai la leo.

"Kaka," wifi akauliza, "miguu inaendeleaje?"

"Afadhali."

Kisha Mama Beseni akasema, "Wifi, lete mayai." Kwa anayemfahamu, hapo alikuwa ameomba msamaha na kulia juu yake.

"Sileti. Yafuate mwenyewe."

Akayafuata, mchana kweupe, sote tukimtazama, na baadhi yetu tukamfuata nyuma tukidai tunakwenda dukani. Wifi alimsimamisha nje ya banda mpaka kuku wote wamekula. Ndipo akamfungulia.

"Utayachukua. Ila kuanzia leo utayapimia hapa, mbele ya kuku wenyewe. Nao wana heshima yao."

"Sawa, wifi. Maji nichote wapi?"

Wifi akamwonyesha bomba. Mama Beseni akajaza ndoo, akayaonja kwanza, akachuchumaa na kuanza. Yai la kwanza likazama. Kuku wawili watatu walisogea wakatazama, halafu wakaendelea na shughuli zao.