Vishale kwenye Kompyuta ya Kaka

Mimi uchafu siuwezi, na kompyuta ya kaka yangu ilinitia kinyaa tangu siku aliyoniachia. Kaka ni mtu wa kutafuna senene, wale panzi wa kukaanga, huku anaandika. Vijiguu vyao vilikuwa vimenasa katikati ya herufi, na mausi ilinata mafuta. Niliifuta kwa spiriti huku nimeziba pua.

Nikaiwasha. Loo, ndani ndiko kulikokuwa na balaa! Kioo kizima kilijaa ikoni, hata picha ya nyuma huioni. Yaani mtu mzima, na kazi ya ofisini, anaishi hivi?

Nilikuwa nimesoma kompyuta wiki mbili pale Bukoba mjini, kila jioni narudi Kitendaguro najiona mtaalamu. Nikaona vitu vingine viko viwili viwili: folda ya njano, na pembeni yake ikoni ya jina hilohilo yenye kishale kidogo kwenye kona. Kitu kimoja anakiweka mara mbili, cha nini? Nikaziacha zenye vishale, kwa kuwa zilikuwa nadhifu, folda nikazitupa zote kwenye pipa la taka. Na pipa nalo nikalimwaga papo hapo, maana kwetu takataka hazilali ndani, zinapelekwa migombani siku ileile.

Jumamosi mimi na kaka tukaibeba kompyuta, tukaenda nyumbani Ijumbi, kwenye misa ya kumkumbuka mama. Kaka alikuwa amemrekodi mama akitusimulia mambo kwa Kihaya kabla hajafa. Simu aliyomrekodia iliibwa kitambo, sauti ikabaki kwenye kompyuta tu. Baba, ambaye haoni tena, alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Tulimsogezea kiti mpaka mezani.

Kaka akabofya kishale. Kompyuta ikajibu kwamba kitu hicho hakipo. Akabofya tena, kisha akaniuliza folda iko wapi. Nikamwambia nilivyofanya.

Hakupandisha sauti. "Kishale kinakuonyesha kitu kilipo," alisema. "Mama alikuwa kwenye folda."

Nilijichukia. Unadhifu gani huo, mjinga mkubwa mimi! Hata mikono yangu sikutaka kuiona.

Baba alikuwa bado ameinamisha sikio kwenye kompyuta, ametulia, anatabasamu.

"Bado hajaanza kusema?" akauliza.