Muhuri Wangu Kwenye Daftari la Itano

Wameniomba niandike maisha ya Yasuaki Itano. Mwezi ujao anastaafu, na gazeti la kiwanda linataka ukurasa mmoja wenye picha. "Bwana Ochi, wewe ndiye unayemjua kuliko sote," waliniambia. "Si mliajiriwa siku moja?" Ni kweli, tuliajiriwa siku moja ya Aprili, kila mtu na suti yake mpya, na hapa kwetu walioingia kazini pamoja ni wa rika moja hadi kaburini. Ukurasa wao nimeshauandika. Umejaa sifa na hauna uongo hata mmoja. Haya ya hapa ni yale yaliyobaki, na ninaanza kwa kusema wazi kwamba nilimwonea wivu mtu yule miaka mingi, wivu wa kumkosesha mtu usingizi.

Itano ni mzaliwa wa hapahapa Saijo, mtoto wa fundi wa mikeka ya tatami. Alisoma shule ya ufundi basi. Mimi nilitoka Osaka na shahada ya chuo kikuu, nikadhani shahada ingeniweka mbele. Haikuniweka mbele hata kwenye foleni ya chakula cha mchana. Akina mama wa jikoni walimjua Itano tangu ana meno ya utoto, kwa hiyo bakuli lake la tambi za udon lilikuwa na vipande viwili vya tofu ya kukaanga, na langu kimoja. Leo nacheka nikiandika. Siku zile sikucheka.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, tena tele. Itano alipinda mwenyewe mabomba ya kioo kwa moto wa gesi, akiwa hana nyusi hata upande mmoja, maana zilikuwa zimeungua. Tanuri lake la kuoteshea fuwele alilijenga kwa mikono yake. Langu lilinunuliwa kwa fedha nyingi, lilikuwa na taa za kumetameta, na kila wiki lilinisubirisha fundi kutoka Tokyo. Wageni wakija maabara walilitazama langu dakika mbili kwa adabu, kisha wakaenda kusimama kwa Itano nusu saa nzima.

Mwaka 1987 mkurugenzi wetu, Bwana Kamata, alitupa sote kazi moja. Duniani zilikuwepo taa ndogo za semikondakta, nyekundu na kijani, lakini ya buluu yenye nguvu haikuwepo. Bila buluu hupati mwanga mweupe, wala hupati leza ya mawimbi mafupi ya kusoma alama ndogo zaidi kwenye diski. Mimi nilipewa kutengeneza fuwele za zinki selenaidi, njia waliyoifuata wakubwa wote wa makampuni mengine. Itano aliomba mwenyewe galiamu naitraidi, ambayo wakubwa walikuwa wameshaitupa. Fuwele ile huoteshwa juu ya kipande cha yakuti, na viwili hivyo havilingani vipimo.

"We mtoto wa fundi mikeka," Kamata alimwambia mbele yetu, "hujui kwamba mkeka usiolingana na chumba haukai?"

"Najua, mkuu," Itano akajibu. "Tena nimemwona baba akiulazimisha ukakaa."

Chumba kizima kilicheka, na Kamata naye akacheka. Mimi nilikuwa na jibu refu la kisayansi kuhusu kwa nini mkeka ule hautakaa. Hakuna aliyeniuliza.

Kazi zetu zilikuwa na harufu. Seleni ya fuwele zangu huingia mwilini ikatoka kwa pumzi, ikinuka kitunguu saumu, na mke wangu alilala ameelekea ukutani miaka minne. Itano yeye alinuka amonia, gesi ya kuoteshea fuwele zake, inayonuka kama choo. Kanae Nii, dada aliyetupimia vipande vya fuwele kwenye chumba cha giza, alikuwa hatugeukii hata kututazama. Husikia tu mlango, kisha akasema, "Kitunguu kimefika. Choo kiko wapi?" Itano akiingia nyuma yangu humjibu, "Choo kipo, dada, ingia bila viatu." Wakacheka wote wawili. Utani ule mimi sikujua kuurudisha.

Lakini kila siku saa kumi na moja na nusu jioni Itano alikuja mezani kwangu. Sheria ya kiwanda ilikuwa kwamba kila ukurasa wa daftari la maabara usomwe na mtu wa pili, apige muhuri wake mwekundu chini ya maneno "Nimesoma, nimeelewa", ili kama kesho mtu wa mbali akidai uvumbuzi ni wake, tarehe zetu ziwe na shahidi. Itano alinichagua mimi. Hulitupa daftari juu ya karatasi zangu, pwaa! "Soma uelewe, Ochi," husema, "kwa faida ya shahada yako." Aliniita Ochi hivihivi, bila Bwana, kama anavyomwita mtu wa rika lake. Na mimi husoma. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: madaftari yale yaliandikwa vizuri. Makosa yake aliyaandika kwa herufi kubwa kuliko mafanikio.

Sasa tufike Oktoba ya mwaka 1991. Anayeijua Saijo anajua kwamba tarehe kumi na tano na kumi na sita za mwezi ule ni sherehe ya mji: hakuna kazi, hakuna ugonjwa, hakuna msiba. Kila mtaa una mnara wake wa mbao uliochongwa na kutundikwa taa za karatasi, nao wanaume huubeba mabegani mji mzima huku wakiimba. Mimi ninaishi nyumba za kampuni, sina mtaa, sina mnara. Itano aliwahi kukosa mtihani wa serikali kwa ajili ya mnara wake, na hajutii.

Lakini safari hii Kamata alikuwa amempa hadi mwisho wa mwaka. Taa yake ya buluu ilikuwa hafifu mno, mpaka uzime taa za chumba na uzoee giza ndipo uione. Isipopata nguvu, tanuri lingebomolewa, na fungu lake lote la fedha lingekuja kwangu. Kwa hiyo tarehe kumi na sita asubuhi alikuja kuotesha kipande, koti la sherehe la mtaa wake likichungulia chini ya koti la maabara. Mchana akaniita.

"Ochi, kuotesha kumekwisha, kumebaki kupoza tu. Acha amonia na haidrojeni zipite mpaka nyuzi mia tatu, halafu ufunge. Wanangu wa mtaa wananisubiri."

"Nenda," nikamwambia.

"Wewe ni ndugu."

Akaondoka akikimbia, tayari anaimba. Nilibaki na tanuri lake. Kupitia dirishani nilisikia ngoma za mitaa yote, kila moja ikiita watu wake, na hakuna iliyoniita mimi. Kijiba cha roho kikanipanda. Nilijua, na kila mtu wa kazi yetu alijua, kwamba fuwele ile ikiwa ya moto bila amonia huanza kuoza juu. Saa tisa alasiri, kalamu inayochora joto la tanuri ikionyesha nyuzi mia saba na hamsini, nilifunga amonia. Nikafunga haidrojeni. Nikafungua naitrojeni tupu, nikaiacha hivyo hadi mwisho. Valvu zile zilikuwa za mkono, hazikuacha alama popote. Kwenye karatasi ya zamu niliandika: "Kama kawaida."

Jioni nilikwenda mtoni kutazama minara ikivuka maji. Itano alikuwa amezama hadi kiunoni, amebeba, sauti imekwisha. Akaniona katikati ya maelfu ya watu. "Ochi! Ochi wee!" akapaza sauti, akainua mkono wa pekee uliokuwa huru. Na mimi nikamwinulia wangu.

Siku ya pili alikuja hana sauti kabisa. Akakichukua kipande, akakigusisha sindano mbili, Kanae akafungua umeme. Kikawaka. Hatukuwa tumezima taa za dari, na bado kiliwaka buluu ya kukufanya upepese macho. Kanae alilia. Kamata aliitwa akaja na soksi bila viatu. Mimi nilisimama nyuma yao.

Itano akanigeukia. Alinong'ona, sauti haikuwepo. "Hukubadilisha kitu?"

"Hapana," nikasema.

Basi mateso yakaanza. Kipande cha pili kilikuwa hafifu kama vya zamani, na cha tatu vilevile, hadi cha ishirini. Itano alirudia kila kitu. Alirudia kula alichokula siku ile. Alivaa koti la mtaa ndani ya maabara. Aliweka chumvi na kikombe cha sake, pombe ya mchele, mbele ya tanuri, akapiga makofi mawili akaomba, na Kanae akamwambia, "Mimina ndani basi, Choo, labda lina kiu." Hakucheka. Alikonda. Na kila jioni, saa kumi na moja na nusu, daftari lilitua mezani kwangu, nami nikapiga muhuri chini ya maneno yale. Katika kiwanda kizima mimi ndiye mtu pekee niliyekuwa nimesoma nikaelewa.

Msinifikirie kwamba dhamiri ilinisuta. Nililala vizuri kuliko miaka yote. Zinki selenaidi yangu kuwaka iliwaka, lakini ilikufa baada ya dakika chache, na bado mimi ndiye niliyekuwa nashinda.

Wiki ya mwisho ya Desemba alikuja mezani kwangu na kapu la machungwa kutoka shamba la mkwewe, na juu yake mdomo wa kioo wa kupulizia gesi wa tanuri lake, ule aliouunda mara hamsini mpaka ukatoka sawa.

"Kesho wanabomoa," akasema. "Huu usivunjwe bure. Utakufaa kwenye lako." Kisha akainama, kwa adabu kabisa. "Na ile siku ya sherehe sikukushukuru. Uliniangalizia vizuri. Ile moja tuliyoipata, tuliipata mikononi mwako."

Alisema tuliipata, na neno lile ndilo lililonimaliza. Ningependa kuwaambia kwamba wema wake ulinilainisha, lakini sivyo. Ulinichoma. Nilitazama lile kapu nikafahamu kitu nilichokuwa nakikimbia tangu Oktoba: taa ile ilikuwa yangu. Kazi bora ya maisha yangu niliifanya alasiri moja kwa kinyongo, na kesho ingebomolewa pamoja na tanuri, halafu siku moja mtu wa Nagoya au wa Marekani angeiwasha na kuitia jina lake. Nilimwonea wivu mtu huyo ambaye hata jina lake halijasikika kwenye habari. Sikuvumilia.

Daftari lilikuwa mkononi mwake. Nikalichukua, nikafungua ukurasa wa tarehe kumi na sita Oktoba, na pembeni nikaandika kwa wino: "Saa tisa alasiri, nyuzi 750, nilifunga amonia na haidrojeni, nikaacha naitrojeni tupu. Nilikusudia kuharibu. Ochi." Nikapiga muhuri.

Alisoma amesimama. Alisoma tena. Nilingoja ngumi, kusema kweli niliitamani.

"Mia saba na hamsini," akasema.

"Ndiyo."

Akaenda. Alfajiri aliwasha tanuri, adhuhuri akapoza kwa naitrojeni tupu, na wabomoaji walipofika na nyundo zao, Kamata aliwazuia mlangoni kwa mikono miwili. Kilichofuata mnakijua. Haidrojeni ndiyo iliyokuwa ikizishika chembe za magnesi, zinazotiwa ndani ya fuwele ili iwake, zisifanye kazi, na joto bila amonia liliifukuza. Sote tulikuwa tukiitia sumu kwa kuitunza. Baada ya taa ikaja leza, na kiwanda kikajenga jengo jipya.

Siku ile kipande kilipowaka, na Itano kusema kwamba gesi niliifunga mimi, Kamata alinipiga mgongoni mbele ya wote. "Ochi, uliona mbali! Nini kilikufanya ufunge ile gesi?"

Nilimtazama Itano. Itano alitazama viatu vyake. "Alikuwa na sababu zake, mkuu," akasema. Hakuongeza neno, siku ile wala siku nyingine yoyote. Kwenye ripoti aliweka jina langu kando ya lake.

Jioni ile, saa kumi na moja na nusu, nilisafisha meza nikaacha nafasi. Nilisikia hatua zake. Alinipita, akaenda hadi chumba cha Kanae, nikasikia daftari likitua kwake, pwaa. "Soma uelewe, dada," akasema. Kesho yake tulikutana kwenye foleni ya chakula, akanipisha mbele. "Tangulia, Bwana Ochi."

Miaka imekwenda. Kwenye kabati la chuma madaftari yapo yote, na tangu siku ile kila muhuri ni wa Kanae Nii. Watu huniuliza kwa utani kama namwonea Itano wivu kwa ajili ya ile taa. Ya taa yalikwisha zamani. Ninayemwonea wivu ni Kanae, kwa ule wino mwekundu wa kila jioni, na yeye hajui.

Jana nilimpelekea Itano ukurasa wa gazeti aupitishe, maana ndivyo utaratibu ulivyo. Alivaa miwani, akasoma polepole hadi mwisho, hata maandishi ya chini ya picha. Akatoa muhuri wake, akaupuliza, akapiga.

"Nimesoma, Bwana Ochi," akasema.

Nilisubiri neno la pili. Alifuta muhuri, akaurudisha kwenye kifuko chake, akaniuliza kama nje bado inanyesha.