Msitu Ulitiwa Mbolea, Uyoga Ukahama

Umande haujakauka, na Mwanahija Rehani tayari amelikumbatia shina la mti wa myombo. Si mapenzi, ni kazi. Anazungusha futi kamba, anasoma kwa sauti.

"Umenenepa huu," anasema.

"Kama wewe," anajibu Benedikto, mwenzake anayeandika.

"Andika vipimo vya mti. Vyangu anavijua mume wangu."

Watani hawa ndio wapimaji wa msitu wa kijiji, nje kidogo ya Miteja, wilayani Kilwa. Siku ya kupima, posho ni shilingi elfu kumi na tano. Mti huvuta hewa ukaa na kujengea mwili wake, na wapo watu wa mbali wanaokilipa kijiji ili ukaa huo ubaki msituni; miti ikinenepa, malipo nayo huongezeka.

Hapo ndipo ujanja ulipozidi. Kijiji kiliwaza: kama mbolea hunenepesha mahindi, miyombo itashindwa nini? Wakamwaga urea kwenye kona inayopakana na mashamba ya ufuta.

"Majani yakawa ya kijani mpaka nikajisifu," anakumbuka Benedikto, aliyebeba mifuko.

Masika yaliyofuata, uyoga haukutoka pale. Hadi leo.

Kwa Mwanahija, kona ile ni utoto wake. "Mama alitutangulia akifunua majani kwa kijiti. Ukiuona uyoga, usipige kelele, eti utajificha. Tukirudi, unaungwa kwa nazi, nyumba nzima inanukia."

Mtafiti aliyepita kijijini aliwaeleza kwamba nyuzi za uyoga hushikana na mizizi. Zinaupa mti maji na chakula; mti unazilipa sukari, na sehemu ya ukaa huzama udongoni. Naitrojeni iliyomo kwenye urea ikizidi, mti huona hauna haja ya kumlisha jirani. Juu kunastawi, chini kunafilisika.

Benedikto, kwa haki ya utani, alijitanda kanga akaenda kwa Mwanahija kutoa pole ya msiba wa uyoga.

"Nilicheka," anasema Mwanahija. "Alipoondoka, nikalia."

Ijumaa, baada ya swala, kijiji kinakutana. Wapo wanaotaka msitu wote utiwe urea kabla ya mvua. Mwanahija ataomba waache kabisa, ingawa hana hakika kama ile kona itapona.

"Nipewe masika mawili matatu bila mbolea," anasema. "Mjukuu wangu Fauzia hajawahi kuokota uyoga. Nitampeleka. Hata tukiupata mmoja, tutaugawana."