Ng'ombe Kumi na Nne

Siku hizi wanakuja watu wa semina na karatasi zao kubwa, wanazibandika ukutani, wanatuambia sisi watu wazima tutafute michezo: tucheze, tuimbe, tufume vitambaa, moyo upumue. Mimi nakaa nyuma kabisa. Si kwamba wanadanganya. Wanayoyasema nayajua kuliko wao. Ila kuna jambo moja hawalisemi, na hilo ndilo lililonifanya mjane.

Wakati wa vita tulikuwa kambini, pale Rumonge, karibu na maji. Nyumba yetu ya Minago ilikuwa imechomwa. Wanajeshi walikuwa wamefunga ziwa, hakuna mtumbwi kutoka, maana waasi walisemekana wanavukia huko. Mume wangu alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani. Tangu ujana hakujua kazi nyingine. Kisha kaka yake akauawa barabarani, akirudi kutafuta muhogo. Tulipotoka kumzika, mume wangu akaingia ndani ya hema, akalala, akageukia turubai. Haongei, hali. Siku tano. Nikajisemea, huyu nitamzika akiwa hai.

Nikachukua kijiko, nikachimba kibuguzo, bao letu la ardhini, mbele ya hema. Ni mashimo thelathini na mawili na kokwa sitini na nne za mchikichi, na hizo kokwa tunaziita ng'ombe. Unazigawa shimo kwa shimo, na ukihesabu vizuri unamnyang'anya mwenzako ng'ombe zake. Watu husema ni mchezo wa wanaume. Mimi nilifundishwa na baba yangu kule Uvira, kabla hatujavuka kuja kuuza samaki huku. Jirani akapita, akashika kiuno.

"Watu wanakufa, wewe unacheza?"

"Nenda ukalie kwako," nikamwambia. Siku zile nilikuwa na hasira ya kumpiga hata padri.

Nikacheza peke yangu, pande zote mbili, nikihesabu kwa sauti. Alasiri nikasikia turubai linasogea. Akatoka, akachuchumaa, akatazama.

"Nani alichimba hivi? Hizi ni shimo za panya."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi.

"Basi kaa, bwana, nione panya anavyocheza."

Alinifunga mara tatu mfululizo. Kibuguzo hakichezwi kimya, jamani. Ni kutukanana mwanzo hadi mwisho. "Ng'ombe zako zimekonda kama miguu yako!" "Na zako ziko na upele!" "Rudi Uvira ukauze chumvi, we mwanamke!" Alipozoa ng'ombe zangu za mwisho alicheka, kisha akauliza kama kuna bugali. Nikaenda nyuma ya hema nikalia kwanza, ndipo nikampakulia.

Ikawa hivyo kila alasiri. Tunacheza, tunatukanana, anakula. Ziwa lilikuwa bado limefungwa, risasi tulikuwa tunazisikia huko milimani, lakini kwa saa moja yule mtu alikuwa anarudi. Sikumpendelea hata kidogo. Alikuwa fundi, alinifunga kwa haki, na siku nilipokaribia kumshinda alitoka jasho.

Halafu ikaja habari kutoka Gatete kwamba mama yake amefariki, na hatuwezi kwenda kumzika kwa sababu njia imekatwa. Kesho yake alikaa kucheza kama kawaida, lakini hesabu ilikuwa imemtoka. Anashika kokwa, anasahau alikuwa anaelekea wapi. Nikamfunga. Nilimfunga vibaya, na matusi juu. Akaamka, akaingia ndani, na siku hiyo hakula.

Nikaogopa. Ndiyo, niliogopa sana, na woga ulinitia ujinga. Tangu siku iliyofuata nikaanza kushindwa kwa makusudi. Naona pa kumla, napita. Anazoa, anacheka kidogo, anakula kidogo. Wiki tatu nikafanya hivyo, na nilijiona mke mwenye akili kuliko wote kambini.

Alasiri moja mashimo yake mawili yalikuwa mbele ya langu, yamejaa. Mtoto wa kunyonya angeyaona. Nikainua kokwa zangu kwingine. Akanishika mkono, akaupeleka taratibu mpaka juu ya yale mashimo.

"Hapa iko ng'ombe kumi na nne," akasema. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini? Sikuona."

"Unaona. Wewe unaona kuliko mimi." Hakupandisha sauti. "Watu wote humu wananiangalia kama maiti. Pole, pole, shika moyo. Wewe peke yako ndiye ulikuwa unanitukana."

Akaingia ndani, akageukia turubai.

Nilifanya kila kitu. Nilimwomba msamaha. Nilimtukana mpaka majirani wakaja kuniomba nipunguze. Nilicheza peke yangu tena, nikihesabu kwa sauti, na turubai halikusogea. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge vya malaria. Malaria gani? Huyo mtu hakuwa na homa. Alikuwa anapungua tu, na mimi nilikuwa namtilia uji mdomoni kwa kijiko, unarudi wote shingoni.

Siku ya mwisho nilimvuta pamoja na mkeka mpaka nje, nikamwegemeza kifuani kwangu. Nikapanga ng'ombe zake na zangu. "Cheza," nikamwambia. "Leo sina huruma na mtu." Kisha akanyoosha kidole, akanionyesha shimo moja.

Lilikuwa baya kuliko yote. Nilisita, Mungu anajua nilisita. Halafu nikazigawa kama alivyotaka, na zamu yangu ilipofika nikamla. Nikamla tena. Nikazoa ng'ombe zake zote, bila kumwachia hata moja, macho yake yakifuata mikono yangu.

"Umeisha," nikasema. "Uko fukara kabisa, wee mvuvi wa bure!"

Nikangoja anitukane. Nikangoja mpaka miguu ikafa ganzi, naye bado ameniegemea, na majirani wakaja wakamwondoa.